Kubadilisha Hachi Kuukuu ya Sitaha ya Mbele katika Yoti ya Injini

Mwenye boti anapoamka usiku wa mvua na kukuta godoro la chumba cha mbele limelowa, hushuku kioo cha hachi, na asubuhi yake hununua mrija wa silikoni na kuipaka kuzunguka fremu kwa nje. Mvua inayofuata huyarudisha maji pale pale. Nimefungua hachi kadhaa za namna hiyo kwenye boti zinazolala katika hori ya Mtwapa na kule Kilifi, na mara nyingi nilichokikuta chini ya fremu kilikuwa kibaya kuliko fremu yenyewe: kiini cha mbao kilicho ndani ya sitaha kimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, skrubu hazina tena cha kushika, na matabaka matatu au manne ya gundi ya miaka tofauti yamelundikana bila hata moja kushikana na jingine.

Kwa msomaji asiyelizoea neno hili la mafundi, hachi ni ule mlango mdogo wenye kioo unaolala juu ya sitaha, unaoingiza hewa na mwanga katika chumba kilicho chini, na ambao mtu anaweza kutokea wakati wa hatari. Maelezo haya yanahusu yoti ya injini ya faiba yenye urefu wa mita 10 hadi 15, ya umri wa miaka 30 au zaidi, ambayo sitaha yake imejengwa kwa matabaka: faiba nyembamba juu, kiini cha mbao za balsa au plaiwudi katikati, na faiba nyembamba tena chini. Sitaha ya aina hii ni nyepesi na imara sana mradi kiini kiwe kikavu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imo katika ukingo wa tundu lililokatwa kwenye sitaha, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine; hachi mpya yenyewe, tundu likishakuwa tayari, hufungwa kwa asubuhi moja.

Kutengeneza ya zamani au kununua mpya

Kabla ya kutumia fedha, chunguza ni kitu gani hasa kilichokufa. Kioo cha hachi nyingi ni perspeksi, yaani akriliki, na jua la miaka 10 hadi 15 huijaza nyufa ndogondogo zinazong'aa kama nywele za fedha. Nyufa hizo haziingizi maji mara moja, lakini zinaipunguzia perspeksi nguvu, na juu ya sitaha ya mbele watu hukanyaga. Mpira wa kuzibia unaozunguka kifuniko hukauka na kubaki umebonyea. Vitu hivi viwili, kioo na mpira, vinaweza kubadilishwa bila kuing'oa fremu. Fremu ya alumini ikiwa imepinda, au imeliwa na kutu nyeupe kuzunguka skrubu, au bawaba zake zimevunjika na mtengenezaji hauzi tena vipuri vyake, usiihangaikie.

Ukiamua kubadilisha kioo peke yake, agiza bamba la akriliki iliyomiminwa katika kalibu, si ile iliyosukumwa kwa mashine, kwa sababu ya kwanza hustahimili nyufa vizuri zaidi. Na unene uwe uleule wa zamani, ambao kwa hachi za sitaha mara nyingi ni milimita 10 au 12. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika kuliko akriliki, lakini hukwaruzika upesi chini ya viatu vyenye mchanga, na jua huigeuza kuwa ya njano isipokuwa imekingwa. Kwa pwani yetu nimechagua akriliki kila mara.

Acha nafasi kati ya bamba na fremu, kwani akriliki hutanuka kwa joto mara tatu kuliko alumini. Kila mita moja ya akriliki hurefuka kwa takribani milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya joto, na alumini kwa takribani milimita 0.023. Bamba la rangi ya moshi lenye upana wa nusu mita, likipanda kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi nyuzi 65 za jua la saa nane mchana, litatanuka kwa milimita 1.4, huku fremu ikitanuka kwa chini ya nusu milimita. Tofauti hiyo ya karibu milimita moja lazima ibebwe na gundi. Ndiyo maana gundi inayoshika kioo huwa silikoni ya kazi nzito, ile inayotumiwa kushikiza vioo vya majengo, na inahitaji unene wa milimita 3 hivi chini na pembeni; gundi ngumu ikitumiwa hapo, ama itabanduka, ama kioo kitapasuka. Usisafishe perspeksi kwa asetoni wala kwa dawa ya madirisha yenye amonia, kwa maana vyote viwili huanzisha nyufa. Maji ya sabuni laini yanatosha.

Vipimo, na njia ya kutokea

Tuseme umeamua kununua hachi nzima. Watengenezaji kama Lewmar wa Uingereza, Goiot wa Ufaransa na Gebo wa Uholanzi hutoa mchoro wa kila saizi, na kipimo cha kwanza cha kutafuta katika mchoro huo ni cha tundu la kukatwa kwenye sitaha, wala si cha fremu kwa nje. Pima tundu lako la sasa kwa upana na urefu katika sehemu tatu kila upande, pima mishazari yote miwili ili ujue kama pembe zake ni za mraba kweli, kisha upime mviringo wa pembe kwa kukata kipande cha kadibodi na kukilinganisha. Pima pia unene wote wa sitaha pamoja na dari ya ndani, kwa sababu fremu ya ndani ya kupambia hutengenezwa kwa unene fulani tu. Hachi ya mtengenezaji aliyefunga kiwanda inaweza kukosa mwenzake kamili, na tofauti ya milimita 5 kwenye pembe inatosha kukuongezea siku nzima ya kazi.

Kuna kiwango cha kimataifa cha madirisha na hachi za vyombo vidogo, ISO 12216, kinachohusu nguvu na uwezo wa kuzuia maji. Nunua hachi iliyotengenezwa kwa kukifuata na inayoruhusiwa kuwekwa juu ya sitaha; zipo nyepesi zilizokusudiwa paa la chumba cha juu tu, na bei yake nafuu isikuvute.

Jambo lililo zito zaidi ni ukubwa wa uwazi unaobaki hachi ikiwa imefunguliwa. Katika yoti nyingi hachi ya mbele ndiyo njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka jikoni au katika chumba cha injini na kuziba ngazi. Kiwango cha ISO 9094, kinachohusu kinga ya moto katika vyombo vidogo, kinataka njia ya duara iwe na kipenyo cha milimita 450, na ya umbo jingine isipungue milimita 380 mahali popote na eneo lake lisipungue mita za mraba 0.18. Fanya hesabu kabla ya kulipa. Uwazi wa milimita 420 kwa 420 hupita sharti la kwanza kwa urahisi, lakini eneo lake ni 0.176 tu, kwa hiyo haufai. Wa 440 kwa 440 una 0.194, na hata ukiondoa pembe zilizoviringwa unabaki juu ya 0.18. Mtu anayepunguza tundu ili hachi ya bei rahisi ienee anaweza, bila kujua, kuwa amewafungia njia wanaolala chini.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua ikiwa imetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha walikufa. Chumba chao kilikuwa na njia mbili, ngazi na tundu la dharura, lakini zote mbili zilitokeza katika ukumbi uleule uliokuwa unawaka. Hachi inayofunguka moja kwa moja kwenye hewa ya nje ni bahati ambayo wale hawakuwa nayo, na ndiyo sababu sikubali kuipunguza, kuifunga kwa kufuli wala kuwekewa mtumbwi wa mpira juu yake.

Swali la bawaba liamuliwe sasa hivi, maana litaathiri mahali pa matundu ya skrubu. Boti ikiwa imetia nanga huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, na hachi yenye bawaba upande wa nyuma, inayofunguka kuelekea mbele, hukinga upepo wa Kusi na kuuingiza chumbani vizuri ajabu. Lakini ikisahauliwa bila kufungwa, boti ikikimbia fundo 20, upepo au wimbi huingia chini yake na kuing'oa. Bawaba zikiwa mbele, upepo huibana ifunge. Mimi huweka bawaba mbele, na kwa ajili ya hewa namshauri mwenye boti ashonewe tanga dogo la kitambaa la kuelekeza upepo ndani ya tundu akiwa bandarini.

Kuitoa ya zamani

Chagua wakati wa kiangazi. Januari na Februari, Kaskazi inapovuma na mvua ikiwa haba, kiini hupata nafasi ya kukauka. Ukiifungua sitaha mwezi wa Aprili katikati ya masika, hata turubai zuri litakushinda. Toa godoro, tandika nailoni chumba kizima, na ondoa dari ya ndani kuzunguka tundu ili uone nyaya za taa na za winchi ya nanga zinapita wapi. Vaa miwani, glavu na barakoa ya vumbi laini, kwa sababu vumbi la faiba linawasha ngozi na kuumiza mapafu.

Skrubu za chuma cha pua zilizokaa ndani ya alumini miaka 30 huwa zimeng'ang'ana kwa unga mweupe wa kutu. Zitie mafuta ya kulegeza tangu jana yake, kisha tumia bisibisi ya kupigwa nyundo, inayozunguka kidogo kwa kila pigo. Isiyotoka itobolewe kichwa kwa keekee ya umeme, fremu itolewe, na shina lake livutwe baadaye kwa koleo. Usichokonoe fremu kwa mtaimbo, kwani jelikoti ya sitaha, lile tabaka gumu la juu linalong'aa, itamomonyoka na utakuwa umejiongezea kazi. Ingiza kisu chembamba cha patti kati ya fremu na sitaha, fuatisha kabari ndogo za mbao, na uzunguke polepole ukikata gundi mpaka fremu iachie yenyewe. Gundi ya poliurethani ni shupavu. Uzi wa chuma wa gitaa ulioshikwa na watu wawili kwa vipande vya mti huikata vizuri, mmoja akivuta na mwingine akirudisha.

Futa mabaki yote ya gundi. Panapokuwa na silikoni ya zamani, kwangua kwanza kwa wembe, kisha futa, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa utaisambaza silikoni ndani ya mikwaruzo, na hapo rangi, epoksi (resini ngumu ya kuchanganywa) wala gundi mpya haitashika.

Ukingo wa tundu

Sasa tazama unene wa sitaha ulioachwa wazi. Hapa ndipo utakapojua umri halisi wa tatizo. Kiini kizima cha balsa ni cheupe au cha rangi ya majani makavu, na ncha ya bisibisi haiingii kwa urahisi. Kilichooza ni cheusi, kinanuka kama udongo wa mikoko, na hutoka kwa kidole. Gonga sitaha kwa mpini wa plastiki wa bisibisi ukianzia kwenye ukingo na kwenda nje: sauti kali na kavu ni njema, sauti nzito iliyokufa inaonyesha kwamba tabaka la juu limeachana na kiini au kiini kimelowa. Weka alama ya penseli pale sauti inapobadilika. Mstari huo ukivuka sentimita 20 kutoka tundu, umeshatoka katika kazi ya hachi na kuingia katika kazi ya kufungua sitaha na kuweka kiini kipya, na ni heri kumwambia mwenye boti siku hiyohiyo kuliko kuficha ubovu chini ya fremu mpya. Wapo wanaouficha. Gharama yake hurudi maradufu baada ya misimu miwili.

Ikiwa ubovu ni wa sentimita chache tu, au hata kama hakuna ubovu wowote, chimba kiini kuzunguka tundu lote kwa kina cha milimita 25, ukiacha faiba ya juu na ya chini zimesimama kama midomo miwili. Chombo kizuri kuliko vyote ni msumari mnene uliopindwa pembe mraba na kufungwa katika keekee ya umeme. Ukizunguka, ncha yake husaga mbao bila kuigusa faiba sana. Malizia kwa patasi nyembamba na kipande cha msasa kilichozungushiwa kijiti, ili nyuso za ndani za faiba zikwaruzike na epoksi ipate pa kushika. Yale matundu ya zamani ya skrubu yaliyoingia kwenye kiini yatanuliwe kwa ncha ya milimita 10 ili nayo yajazwe.

Kabla ya kujaza, kiini lazima kikauke. Acha tundu wazi mchana chini ya kivuli cha turubai, feni ikipuliza kutoka ndani, na usiku funika. Ili kujua kama kimekauka, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya ukingo kwa tepu, pande zote zikiwa zimezibwa, na ukitazame asubuhi. Matone madogo yakijikusanya kwa ndani, maji bado yamo. Katika boti moja nilisubiri siku 11, huku mwenye boti akiuliza kila jioni, na sikujuta.

Epoksi ndiyo ya kujazia. Resini ya poliesta, ile ya kawaida ya faiba, haishiki mbao vizuri kiasi hicho. Fuata uwiano wa mtengenezaji bila kukisia: kwa resini ya West System 105 na hadina (kigumishi chake) ya 205 au 206 ni sehemu 5 kwa 1, na kuongeza hadina ili ikauke upesi ni kuiharibu, kwa sababu kemia yake haina nafasi ya ziada. Kwa joto letu tumia hadina ya polepole na uanze alfajiri. Tundu la nusu mita kwa nusu mita lina mzunguko wa mita 2. Kiini cha milimita 12 kikichimbwa milimita 25, nafasi ya kujaza ni mililita 600. Usiichanganye yote kwa mara moja. Epoksi nyingi ndani ya kopo moja hujipasha moto yenyewe mpaka ikatoa moshi, kwa hiyo changanya mililita 150 au 200 tu kila mara na uimwage katika sinia pana ili joto litoke.

Kwanza paka epoksi tupu, nyepesi, ndani ya mfereji kwa brashi, uiache mbao inywe kwa dakika chache, na urudie pale palipokunywa zaidi. Kisha changanya nyingine na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, uijaze kwa mfuko wa plastiki uliokatwa pembe kama wanavyofanya waokaji keki, ukisukuma mpaka ndani kabisa ili hewa isibaki. Sawazisha kwa kipande cha plastiki. Kesho yake osha uso kwa maji na sponji ngumu, kwa kuwa epoksi nyingi huacha utando wa mafuta unaozuia tabaka linalofuata kushika, ndipo upige msasa. Sasa tundu lako limezungukwa na ukuta mgumu wa milimita 25 ambao maji hayaupenyi, na kila skrubu ya hachi mpya itauma ndani ya ukuta huo. Hata gundi ya juu ikishindwa siku moja, maji yatadondokea kitandani ambako utayaona, badala ya kujificha kwenye sitaha.

Tundu lisipolingana

Hachi mpya ikiwa kubwa kuliko tundu, bandika tepu ya karatasi kwenye sitaha, chora mstari kwa kutumia kielelezo cha mtengenezaji, na uangalie kwa ndani kama mstari huo haugusi boriti ya sitaha. Boriti haikatwi kwa ajili ya hachi, labda kwa ushauri wa msanifu wa vyombo. Toboa pembe kwa msumeno wa duara wenye kipenyo kinacholingana na mviringo wa fremu, kisha unganisha matundu hayo kwa msumeno wa jigso wenye meno ya kukatia chuma. Kuchimba kiini kufuate baada ya kukata, la sivyo utakuwa umejaza ukingo unaoutupa.

Hachi mpya ikiwa ndogo kidogo, na njia ya kutokea bado inatosha, tundu hupunguzwa. Kwa milimita 10 au 15 kila upande unaweza kuongeza epoksi nzito na vitambaa vya faiba. Zaidi ya hapo tengeneza pete ya faiba nzima au ya plaiwudi ya baharini iliyolowanishwa epoksi, uiunge kwenye tundu, halafu ufunike kiungo kwa vitambaa juu na chini. Faiba ya zamani inayopokea kitambaa ichongwe mteremko wa mara 12 ya unene wake; faiba ya milimita 4, basi, inahitaji mteremko wa karibu milimita 50. Mteremko mfupi huonekana nadhifu na hupasuka.

Njia ya tatu, ambayo naipenda pale sitaha inapojaa maji mara kwa mara, ni kuinua hachi juu ya kizingiti cha msaji chenye kimo cha milimita 25 hadi 40. Maji yanayotiririka sitahani hayafiki tena kwenye mpira. Kizingiti kiungwe kwa epoksi, kiwekewe skrubu kutoka chini, na kingo zake za nje ziviringwe, kwa sababu baharia anayekimbilia nanga usiku atakikwaa.

Sitaha ina mgongo, fremu haina

Karibu kila sitaha ya mbele ina mviringo mdogo ili maji yateremke pembeni, ilhali fremu ya hachi ni bapa. Anayekaza skrubu mpaka fremu iukubali mviringo wa sitaha amekwisha kuipinda, na kifuniko hakitakaa tena sawasawa juu ya mpira. Weka fremu kavu juu ya tundu na uchungulie chini yake. Nafasi ya milimita 1 au 2 itabebwa na gundi. Zaidi ya hapo sitaha isawazishwe.

Zungushia kitako cha fremu selotepu ya kahawia ya kufungia katoni, na juu yake paka nta ya magari. Mwaga epoksi nzito kuzunguka tundu, kwenye sitaha iliyopigwa msasa vizuri, kisha laza fremu juu yake ikiegemea vipande vidogo vya perspeksi ulivyovipanga mapema ili isizame. Vuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe juu ya fremu. Zikigusana katikati kwa wepesi, fremu haijapinda. Moja ikiibana nyingine, au nafasi ikibaki kati yake, ongeza au punguza kipande kwenye pembe moja mpaka ziguse tu. Epoksi ikishakauka, gonga fremu taratibu na itaachia, nawe utakuwa na kitako kilichofuata fremu yako kama muhuri na nta yake. Mteremko wa nje upigwe msasa na kupakwa rangi au jelikoti kabla ya kuendelea.

Kufunga

Gundi ya kuzibia ninayoitumia kati ya fremu ya alumini na sitaha ni poliurethani ya baharini, kama Sikaflex 291i. Polisulfaidi ni nzuri kwa mbao, lakini hushambulia akriliki na plastiki nyingine, basi isikaribie hachi. Fremu yenye kitako cha milimita 25, mzunguko wa mita 2 na gundi ya unene wa milimita 3 inahitaji mililita 150. Nunua mirija miwili ya mililita 300 hata hivyo, kwani hakuna jambo baya kama kuishiwa gundi fremu ikiwa nusu imeshalazwa.

Toboa matundu ya skrubu fremu ikiwa kavu mahali pake. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na kila moja ipakwe mafuta mazito ya kutenganisha metali, kama Tef-Gel au Duralac, ili chuma na alumini visilane tena katika maji ya chumvi. Bandika tepu ya karatasi kwenye sitaha na kwenye fremu, milimita 2 nje ya mahali gundi itakapotokea. Futa nyuso zote mbili. Weka vipande vinne vya mpira vya unene wa milimita 2 karibu na pembe ili gundi yote isikamuliwe nje, kisha paka mistari miwili isiyokatika, mmoja nje ya skrubu na mwingine ndani, na duara dogo kuzunguka kila tundu.

Laza fremu mara moja bila kuisogeza huku na huko. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogokidogo, mpaka gundi itokeze pande zote kwa usawa, na hapo uache. Wapo mafundi wanaorudi baada ya siku mbili kukaza tena. Sikubaliani nao, kwa sababu skrubu ikizungushwa baada ya gundi kushika huchana muhuri kwenye shingo yake. Lainisha kingo kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni na ubandue tepu gundi ikiwa bado mbichi. Poliurethani hukomaa kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita 3 hivi kwa siku, kwa hiyo katikati ya kitako cha milimita 25 pataiva baada ya siku nne au tano. Mtu asiikanyage hachi kwa wiki nzima.

Kujaribu

Kwanza jaribu mpira. Paka chaki kwenye ukingo wa fremu unaokutana na mpira, funga hachi kwa vishikio vyake, ifungue, na utazame kama mstari wa chaki umehamia kwenye mpira bila kukatika. Panapokatika ndipo maji yatakapopita, na dawa yake mara nyingi ni kurekebisha kishikio au bawaba.

Kisha jaribu kwa maji ya bomba, yakimiminika bila kusukumwa kwa nguvu. Anza sehemu ya chini ya mteremko, dakika 10 kila upande, huku mwenzako akiwa ndani na tochi akipapasa ukingo kwa karatasi kavu. Ukianzia juu hutajua maji yaliingilia wapi. Mashine ya kuoshea magari isitumike kabisa, maana inapenya hata hachi nzima. Dari ya ndani ibaki wazi mpaka mvua moja ya kweli inyeshe.

Boti iliyosajiliwa kubeba abiria inakaguliwa na mamlaka, iwe Kenya Maritime Authority au TASAC kwa upande wa Tanzania Bara, na mabadiliko ya ukubwa wa njia ya kutokea ni vizuri mkaguzi ayajue mapema, pamoja na picha za kiini kabla ya kujazwa.

Jioni ya mwisho zima taa zote. Kila anayelala katika chumba cha mbele, na mtoto akiwamo, apande kitandani, atafute vishikio kwa mikono na kuifungua hachi mwenyewe. Kisha mwingine aifungue kutoka sitahani ikiwa haijatiwa ufunguo. Mpira mpya hung'ang'ania mwanzoni, na poda kidogo ya kupaka watoto itausaidia. Ikiwa kutoka mahali pa mwisho pa kukanyaga hadi ukingo wa hachi ni zaidi ya mita 1.2, funga kidaraja ukutani kabla boti haijaondoka.